Baba wa Kupigiwa Kura

Koti lilikuwa la mhadhiri wa hesabu, tai ilikuwa ya mlinzi wa maktaba, na viti vya mbele viliazimwa parokiani. Viatu tu ndivyo vilivyokuwa vyake. Ruzigana alikuwa nyuma ya nyumba ya kupanga kule Tumba, juu kidogo ya chuo kikuu cha Butare, akijaribu kukaa juu ya kreti la bia namna wanavyokaa wanaume wenye mabinti wa kuoza.

"Usikae hivyo," Konsolata akamwambia, akipita na sufuria ya maharage. "Umekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Mwaga mwili. Baba wa msichana hana haraka."

"Nimwage mwili vipi na koti limenibana makwapani?"

"Basi banana nalo. Ila ukilichana, mwenye koti utamweleza wewe."

Konsolata alikuwa mama wa familia na Ruzigana alikuwa baba wa familia, ingawa hawakuwa mume na mke wala hawakuwa na mpango huo. Ruzigana alikuwa na miaka ishirini na mitano. Binti yao aliyekuwa anaposwa siku hiyo, Dansila, alikuwa na ishirini na mitatu. Asiyejua angedhani ni mchezo wa watoto wa kupika udongo, na wapo waliodhani hivyo, tena wakasema kwa sauti.

Ilikuwa mwaka elfu mbili. Vijana hawa walifika chuoni baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka tisini na nne, kila mmoja na sanduku lake tu. Likizo ilipofika, wenzao walipanda magari kwenda kwao, na wao wakabaki bwenini wakihesabu mbao za dari, kwa sababu huko kwao palikuwa magofu na nyasi. Ndipo wakaanzisha jambo ambalo hakuna mzee aliyewafundisha. Walijigawa makundi, kila kundi likawa familia yenye jina lake, na kila familia ikapiga kura kumchagua baba na mama. Baba akiisha kuchaguliwa, basi ni baba kwelikweli. Ndiye anayekwenda kwa mkuu wa kitivo mtoto akifeli, anayekesha hospitali mtoto akishikwa na malaria, na anayemgombeza mtoto akirudi na harufu ya pombe.

Ruzigana alichaguliwa kwa sababu alikuwa na jiko la mkaa. Yeye mwenyewe hakuificha sababu hiyo. Mwenye jiko ndiye aliyekuwa na chai, na kwenye chai ndiko watu walikokusanyika. Watatu walimkataa, na mmoja wao alikuwa Dansila, aliyesimama mbele ya wote akasema, "Mimi nilishakuwa na baba. Sihitaji mwingine, hasa huyu mwenye masikio haya."

Watu walicheka, na Ruzigana akacheka nao, kisha akamimina chai akampelekea wa kwanza yeye.

Ndivyo alivyokuwa. Ruzigana alikuwa na tabia ya kushukuru hata pale ambapo mtu mwingine angenuna. Alimshukuru mpishi wa bwalo kwa ukoko. Alimshukuru Mungu kwa masikio yake makubwa, akisema yalimwezesha kuwasikia mapema mbwa wa wauaji alipokuwa amejificha kwenye mafunjo ya mto Akanyaru. Wenzake walichoka naye wakati mwingine. Lakini Aprili ilipofika, miezi ya kuwaomboleza waliouawa ilipoanza na Dansila akajifungia chumbani hali wala hatoki, ni Ruzigana aliyekaa nje ya mlango na kikombe cha uji, akimsomea kwa sauti maswali ya mtihani wa biolojia na kuyajibu vibaya kwa makusudi, hadi msichana akashindwa kuvumilia ujinga ule, akafungua mlango ili amsahihishe.

Sasa Dansila alikuwa amempata Butera, kijana mpole anayesoma kilimo. Na hapo ndipo maji yalipoanza kuwafika shingoni.

Butera alilelewa na babu yake, Mzee Rukaka. Mzee huyo alikimbia nchi katika fujo za mwaka hamsini na tisa akiwa na ng'ombe wachache na mke mjamzito, akaishi Karagwe upande wa Tanzania miaka thelathini na mitano, akarudi vita vilipokwisha. Huko ugenini hakuwa na nchi wala cheti, kwa hiyo alishikilia taratibu. Siku chache kabla ya posa, Butera alikuja Tumba uso umemshuka.

"Babu anasema haendi kumwomba mtoto ampe mtoto mwenzake," alisema. "Anasema mtafute mzee yeyote mwenye mvi, hata wa kukodi, akae kwenye kiti cha baba. La sivyo atageuza njia."

"Si neno kubwa hilo," akasema Sinzi, mwanafunzi wa sheria ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika tangu azaliwe. "Pale sokoni yupo mzee mmoja, kwa kibuyu cha pombe ya mtama atakuwa baba wa yeyote. Wiki iliyopita alikuwa baba wa watu wawili."

Ruzigana alikuwa tayari kukubali. Aliona aibu kidogo, lakini harusi ya mtoto ni kubwa kuliko aibu ya baba, na tena angebaki na nafasi ya kugawa soda. Dansila ndiye aliyekataa. Alikuwa anachambua mchele, akauweka chini ungo.

"Nikitolewa na mzee wa kukodi, sitoki," alisema. "Mwambie babu yako hivyo, Butera. Anayenitoa ni Ruzigana. Akimkataa yeye, kanikataa mimi, na wewe katafute mwingine huko kwa watu wenye wazee."

Ruzigana akatazama pembeni, akijifanya moshi umemwingia machoni. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, maana alijua kwamba msichana yule hakuwa na desturi ya kurudisha neno lake nyuma. Mzee akigeuza njia, Dansila angempoteza mchumba kwa sababu yake yeye, mtu wa jiko la mkaa.

Wageni walifika saa nane za mchana. Turubai la bluu lilitandwa juu ya ua, la aina ile wanayopewa wakimbizi, na majirani walikuwa wameleta mabenchi, vikombe na maziwa bila kuombwa mara mbili. Upande mmoja walikaa watu wa Butera, wanaume wa makamo na wanawake waliovaa vizuri mishanana yao, yale mavazi ya kufunga begani, na katikati yao Mzee Rukaka na kofia yake ya pama na fimbo ndefu. Upande wa pili walikaa "wazee" wa bibi harusi. Mjomba alikuwa anasoma mwaka wa pili. Shangazi alikuwa na chunusi.

Dansila mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Msichana anayeombwa haonekani wala hasikiki mpaka aitwe, na hilo kila mtu pale alilijua.

Sinzi alisimama kama msemaji wa nyumba, akaanza vituko vinavyotakiwa.

"Wageni, karibuni. Tunaona mmevaa vizuri. Mmepotea njia ya kanisani?"

"Hatujapotea," akajibu Mzee Rukaka, maana alikuwa msemaji wa watu wake mwenyewe. "Tulikuwa tunapita, tukasikia harufu ya wema."

"Hiyo ni harufu ya maharage, mzee wangu. Wema wetu tumeufungia ndani kwa kufuli. Halafu mmechelewa. Kwa watu wanaopita tu, mnatembea polepole kweli."

"Tunatembea kwa mwendo wa ng'ombe. Nyinyi wenzetu mnamjua ng'ombe, au mnamwona kwenye vitabu?"

"Tunamjua sana. Ni yule mwenye pembe mbele na mkia nyuma. Au wenu amekaa kinyume?"

Watu wakacheka pande zote mbili, na Ruzigana akaanza kupumua. Alishukuru moyoni kwa ulimi wa Sinzi. Lakini mzee akagonga ardhi kwa fimbo.

"Basi utani. Sasa mniitie mwenye nyumba, tuzungumze."

"Mwenye nyumba ndiye huyu hapa mbele yako, mzee."

Mzee Rukaka akamtazama Ruzigana kuanzia tai hadi viatu. "Huyu? Huyu nilidhani anasubiri kutugawia soda."

Upande wa wageni walivunjika mbavu. Upande wa pili shangazi mwenye chunusi akauma mdomo. Kwa taratibu baba wa msichana hasemi chochote, husemewa. Ruzigana alilijua hilo, na hata hivyo akasimama, kijasho chembamba kikimtoka chini ya koti la watu.

"Soda nitakugawia pia, mzee," alisema. "Lakini mwenye nyumba ni mimi."

"Nani kakupa ubaba?"

"Walipiga kura."

"Kura!" Mzee aliwageukia watu wake. "Mnasikia? Huku baba anachaguliwa kama diwani. Na walikupa wote?"

"Hapana, mzee. Watatu walinikataa. Mmoja ndiye huyo uliyekuja kumwomba."

Hapo hata mzee alitabasamu, akalificha tabasamu kwa kukohoa. Kisha akakaza uso tena. "Kijana, mimi sikuja kucheza. Kule Karagwe tulikuwa hatuna kitu. Ng'ombe walikufa, watoto wakasahau lugha. Lakini mtu akiomba binti, alimwomba kwa mwenye binti, na mwenye binti aliweza kusema mtoto huyu ni wa nani na kalelewaje. Ukitupa hilo, tunabaki na nini? Haya, niambie wewe. Mtoto huyu umemlea?"

"Nimemlea kidogo," alisema Ruzigana. "Mimi ni wa mwisho kwenye foleni. Waliomzaa ni Rubayiza na mkewe Mukankusi, wakamlea miaka kumi na saba, na yote mazuri mtakayoyaona kwake ni yao. Siku walipouawa, aliyempokea ni yule mama pale mwenye kitenge cha kijani, Nyirakamana. Alimlaza chini ya rundo la majani ya viazi, na wanaume wenye mapanga wakikaa juu ya rundo hilo kuvuta sigara, yeye akawa anawapa pombe na kuwachekesha. Bila yeye tusingekuwa hapa. Mimi nilimpokea baada ya hao. Nimempikia, nimemuuguza, nimemkataza disko mara mbili, na mara zote mbili alikwenda."

Yule mama mwenye kitenge akajifuta uso kwa ncha ya nguo. Mwanamke mmoja wa upande wa wageni alinyanyuka bila kuambiwa, akavuka ua, akaenda kumwinamia na kumshika mikono. Mzee Rukaka alimwangalia mpaka akarudi kwenye nafasi yake.

"Rubayiza ni wa nani?" akauliza, sauti imeshuka.

"Rubayiza wa Semakamba," alisema Ruzigana. "Semakamba wa Nyabyenda. Nyabyenda wa Rugira. Rugira wa Mutemura, aliyehama kutoka Bufundu na ng'ombe mmoja mwekundu."

Aliyataja bila kusita, maana alikuwa ameyashika. Kila Jumapili jioni familia ilikaa kuzunguka lile jiko, na kila mtoto akataja watu wake, baba, babu, na wale wa nyuma yao, na baba wa familia aliwajibika kuwakariri wote. Walikubaliana hivyo kwa sababu waliona jinsi ukoo mzima unavyoweza kubaki kinywani mwa mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kugongwa na lori. Kwa hiyo Ruzigana alitembea na marehemu wa watu kumi na wanne kichwani, akiwarudia anapokwenda darasani.

Mzee alivua kofia yake akaiweka gotini. Sinzi akaona mwanya, na Sinzi hakuwa mtu wa kuacha mwanya upite.

"Mzee wetu, kwa heshima zote, na sisi tuna haki. Tumetaja wa kwetu. Kijana wenu naye atutajie wa kwake, tujue binti anakwenda kwa watu au kwa upepo."

Butera alisimama, akarekebisha mshanana begani. "Butera wa Kagina," alianza vizuri. "Kagina wa Rukaka. Rukaka wa..." Akamtazama babu yake. Babu akatazama mbele. "Rukaka wa... wa Karagwe?"

Benchi la wanafunzi lililipuka. Mjomba wa mwaka wa pili alianguka kabisa. Mzee Rukaka alimchapa mjukuu wake kwenye kigimbi na fimbo, si kwa nguvu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ikawa wazi kwamba anacheka, tena anacheka mpaka machozi.

"Mtoto huyu nimemlisha tangu ananyonya!" alisema. "Kila jioni namsimulia, kila jioni ananiitikia ndiyo babu, ndiyo babu, kumbe anasinzia! Baba yangu ni Gashonga, wewe mbuzi. Gashonga!"

"Mlete siku za Jumapili," Konsolata akadakia kutoka jikoni, bila kujali kwamba hakuwa na ruhusa ya kusema. "Tutamfundisha pamoja na wengine."

Kicheko kilipotulia, mzee alijifuta macho. Alimtazama Ruzigana kwa muda, na safari hii hakuanzia kwenye tai.

"Nimekuja kuomba," alisema. "Naomba kwako. Nipe mtoto."

Sinzi aliinama kumnong'oneza Ruzigana kama msemaji anavyotakiwa kufanya, lakini alichomnong'oneza kilikuwa, "Ukilia nitakuua." Ruzigana akatikisa kichwa kukubali. Sinzi akatangaza kwamba binti ametolewa, na vigelegele vikapanda hadi nyumba za jirani zikaitikia.

Kwa desturi ya huko, mtu akipewa ng'ombe au nyumba yake ikipewa mke, husimama akaapa kwa jina la aliyempa, ili wote wajue fadhili imetoka wapi. Watu wa Butera wakasimama wote. Mzee Rukaka akainua mikono yake miwili juu, fimbo ikining'inia kwenye kidole gumba, halafu akasita.

"Niape kwa nani?"

"Kwa Rubayiza," alisema Ruzigana mara moja. "Yeye ndiye mwenye mtoto."

"Naapa kwa Rubayiza aliyenipa mke!" mzee akapaza sauti, na watu wake wakarudia, wakipiga makofi. Ruzigana aliona fahari ikimjaa kifuani. Rubayiza, mganga wa zahanati ambaye hakuzikwa na mtu, jina lake lilikuwa linaitwa mchana kweupe na watu wazima waliovaa vizuri. Alitosheka. Alidhani shughuli imekwisha, akaanza kukaa.

Mzee hakukaa. Mikono yake ilikuwa bado juu.

"Kiapo cha pili," alisema. "Wewe u wa nani?"

Ruzigana akafungua kinywa. Jina la baba yake alikuwa nalo, lilikuwa pale pale nyuma ya meno, lakini halikutoka. Tangu mwaka ule wa tisini na nne hapakuwa na mtu aliyemuuliza. Kwa watoto wake alikuwa baba, na nani humuuliza baba ana baba? Jumapili zote zile aliwasikiliza wao, akikoroga chai. Aliyataja ya kwake mara moja tu, jioni ya kwanza kabisa, kwa haraka, kama mtu anayesafisha koo ili wengine waanze. Sasa alisimama mbele ya ua mzima, akishikilia kitufe cha koti la watu.

Wanafunzi walitazamana. Konsolata alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, na usoni mwake ilionekana aibu ya mtu aliyegundua jambo baya kuhusu nafsi yake. Hawakujua baba yake ni nani. Walikula kwake miaka mitatu na hawakujua.

"Ruzigana wa Kayitankore."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Shangazi mwenye chunusi akashika mdomo, kwa sababu bibi harusi alikuwa hajaitwa, na bibi harusi asiyeitwa hana sauti.

"Kayitankore wa Bihira," Dansila aliendelea, wazi, bila haraka. "Bihira wa Seruvumba. Seruvumba wa Ntampaka. Kayitankore alikuwa fundi seremala kule Runyinya. Alikuwa akipiga mluzi akiranda mbao."

Ruzigana alisikia kitu kinalegea ndani yake, kitu alichokibana muda mrefu mpaka akasahau kwamba kinabanwa. Machozi yakamtoka wazi wazi mbele ya wakwe, na hakuyafuta.

Wanawake wa upande wa wageni walimtazama Mzee Rukaka waone kama atatoza faini, maana taratibu zilikuwa zimevunjwa mbele ya macho yake. Mzee akageukia pazia, akaliinamishia kidogo kichwa chake cheupe. Kisha akajinyoosha, akainua mikono juu kuliko mara ya kwanza.

"Naapa kwa Kayitankore," alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, "aliyemzaa aliyenipa mke!"

"Kayitankore!" wakaitikia watu wake. Benchi la wanafunzi likasimama lote, na Sinzi, na Konsolata na mwiko wake, na Nyirakamana mwenye kitenge cha kijani, wakaliitikia jina la seremala wa Runyinya, tena na tena, hadi watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama kuuliza ni mtu gani huyo mkubwa aliyefika Tumba leo.